Kuhusu Lifti ya Nanga, Mama Mkwe na Picha ya Ukurasa wa Nne

Hagsätra, Stockholm
Jumatatu, 9 Machi 2009

Kwa Mhariri,
Jarida la Jirani

Ndugu Mhariri Callixte,

Mlima unaofaa kuliko yote kwa wachumba wanaotaka kuteleza kwenye theluji ni ule unaompandisha kila mtu peke yake. Hilo ndilo dai langu. Nitalitetea kwa hoja, kwa ushahidi na, itakapobidi, kwa unyenyekevu, ingawa nilihitimu shahada ya uzamili ya falsafa Juni iliyopita na unyenyekevu haukuwa miongoni mwa masomo tuliyotahiniwa.

Wasomaji watakumbuka kuwa toleo lenu la Februari lilichapisha makala ya Ndugu Anicet yenye kichwa "Milima Mitatu kwa Wapendanao". Humo aliipa Tvillingberget nafasi ya kwanza, Granhöjden ya pili, na Lillklinten, masikini, ya tatu. Kipimo chake hakikuwa ubora wa theluji, wala urefu wa mteremko, wala supu ya mchana. Kilikuwa lifti. Tvillingberget, aliandika, ina lifti ya nanga: chuma chenye mikono miwili kinachoning'inia kwenye waya, kila mkono ukimsukuma mtu mmoja kwa nyuma huku akiwa amesimama kwenye mbao zake za kutelezea, "nyonga kwa nyonga, dakika nane nzima, bila wa kuwasumbua". Granhöjden ina viti vya watu sita, ambako wapendanao huchanganywa na wageni. Lillklinten ina lifti ya kifungo, yaani kisahani kinachopita katikati ya mapaja na kumvuta mtu mmoja mmoja, "kama nguo zilizoanikwa kwenye kamba".

Mimi na mchumba wangu Shamim tuliisoma makala hiyo, tukaiamini, na Jumamosi ya tarehe 14 Februari tukapanda basi la alfajiri kwenda Tvillingberget. Matokeo yake ni kwamba siku yetu ya kwanjula, ambayo kwa sisi Waganda ndiyo siku mwanamume anapotambulishwa rasmi kwa ukoo wa binti, iliyokuwa ifanyike tarehe 18 Aprili, imesimamishwa kwa muda usiojulikana. Pasipo kwanjula hapana ndoa. Naomba basi barua hii isiwekwe kwenye ukurasa wa vichekesho. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kwamba Ndugu Anicet hajui idadi ya wachumba.

Katika makala nzima wachumba ni wawili. Ndugu Anicet ni kapera wa Farsta na naelewa jinsi kosa hilo lilivyomponyoka. Lakini idadi ya chini ya wachumba, kabla ya kwanjula, ni watatu. Mama yake Shamim, Hajati, alisema hawezi kumwacha binti yake asafiri saa tatu na mwanamume asiyetambulishwa, hata kama mwanamume huyo ana shahada mbili. Nilimwomba Shamim amwambie mama yake kuwa hoja hiyo naikubali. Hajati akamwomba Shamim aniambie kuwa hakuniuliza kama naikubali. Tukawa watatu.

2. Kwamba makala haikutoa onyo lolote kwa watu wenye wakwe.

Kwa wasomaji wasio Waganda, naeleza. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawaketi mkeka mmoja, na nguo zao hazigusani. Wanaokiuka mwiko huo hupatwa na obuko, mtetemeko wa mwili usio na dawa hospitalini. Mimi kama msomi sina msimamo juu ya obuko. Mimi kama mkwe sina ruhusa ya kuwa na msimamo.

Sasa tazama kilichotokea. Shamim, aliyekulia hapa na anayeteleza kwa ubao mmoja kama aliyezaliwa nao, alitangulia kwenye foleni akapandishwa na mtoto asiyemfahamu. Mimi, kwa heshima, nikarudi nyuma ili nisisimame karibu na Hajati. Hajati, kwa heshima hiyo hiyo, akarudi nyuma ili asisimame karibu nami. Nikawapisha watu wanne. Naye akawapisha wanne. Nikapisha familia ya watu watano na mbwa. Yeye akapisha shule. Tuliendelea kukwepana kwa adabu kubwa hadi foleni ikaisha, na tukajikuta sisi wawili tu mbele ya kijana wa lifti, ambaye alituonyesha vidole viwili, akatuchomekea chuma nyuma, na kututakia safari njema.

Chuma kilipotugusa, nilifanya ambalo kijana yeyote aliyelelewa vizuri angelifanya anapojikuta ghafla ubavuni mwa mama mkwe: nikapiga magoti kumsalimu. Ndugu Mhariri, lifti ya nanga haijatengenezwa kwa ajili ya watu wenye adabu. Nanga ilinipanda hadi makwapani, mbao zangu zikapishana, na Hajati, ambaye amefanya kazi miaka ishirini katika shule ya chekechea ya hapa na kwa hiyo ameshawainua watoto wengi kutoka kwenye theluji, alinishika ukosi wa koti kwa mkono mmoja bila kuachia waya. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, alinisemesha moja kwa moja:

"Simama wima, mwanangu. Hiyo heshima utanipa tukifika juu."

Nilisimama. Dakika saba zilizobaki tulitazama mbele. Nilihesabu nguzo kumi na tisa.

3. Kwamba jarida lenu lilichapisha picha.

Shamim, aliyekuwa ameshashuka na kuketi kando ya njia ya lifti akifunga ubao wake, alitupiga picha akiwa anacheka, jambo ambalo nimeshamsamehe. Aliituma kwenu kama shukrani, bila maelezo. Katika toleo la Machi, ukurasa wa nne, picha hiyo ilitokea ikiwa na maneno haya: "Wachumba wetu Muhammed na Shamim wakipanda pamoja kuelekea kilele cha maisha." Watu wawili wenye kofia ngumu na miwani mikubwa, nyonga kwa nyonga, mmoja akiwa mimi na mwingine akiwa mama wa mchumba wangu.

Sitauliza ni nani aliyeyaandika maneno hayo. Nitasema tu kwamba kabla ya kuwatangaza watu wawili kuwa wapendanao, desturi ya uandishi wa habari ingekuwa kuwaomba wavue miwani.

4. Kwamba nusu ya picha ina ukungu.

Jarida lenu linasomwa na shangazi yake Shamim, dada wa baba yake, anayeishi Rissne. Wageni wanadhani binti wa Kiganda huozwa na wazazi. Wanakosea, huozwa na shangazi. Yeye akikohoa, harusi husogezwa mbele wiki mbili. Shangazi alilitambua koti la zambarau la Hajati kwa kuwa walilinunua pamoja. Hilo angeweza kulimeza. Lakini aliwasha taa ya jikoni, akavaa miwani ya pili juu ya ya kwanza, akagundua kwamba Hajati ametoka vizuri hadi meno ya zipu, ilhali mimi nimetoka kama mvuke wa sufuria.

Kamera ni moja, mwanga ni mmoja, sekunde ni moja. Kwa nini mmoja ana ukungu? Kwa sababu, alihitimisha Shangazi, mmoja alikuwa anatetemeka. Nakiri kuwa kwa upande wa mantiki hitimisho hilo halina kasoro, na nimewahi kuona tasnifu zilizopita kwa hoja dhaifu kuliko hiyo. Ilikuwa nyuzi kumi na saba chini ya sifuri. Nilimwambia hivyo. Akaniuliza kama Hajati alikuwa kwenye nyuzi nyingine.

5. Kwamba tangu siku hiyo ninapimwa kwa chai.

Kila Jumapili saa tisa alasiri naitwa Rissne. Shangazi hunimiminia chai hadi ukingoni, hunipa kikombe na kisahani chake, kisha huketi mbele yangu akitazama kisahani. Asipoona tone kwa Jumapili sita mfululizo, kwanjula itarudishwa. Akiona tone, tunaanza upya. Kufikia leo ningekuwa nimemaliza Jumapili mbili, ila jana basi lilipita nje, madirisha yakatikisika na tone likamwagika. Nilieleza kuwa lilikuwa basi. Shangazi alisema mabasi yamekuwa yakipita hapo tangu mwaka 1991 na hajawahi kuyasikia yakilaumiwa.

Shamim ameniambia waziwazi kuwa anaweza kusubiri hadi Aprili na hawezi kusubiri hadi nijifunze kutoogopa vikombe. Hapo ndipo nilipoamua kuandika.

6. Kwamba hakukuwa na mguso, na kama ulikuwepo si wangu.

Nimechunguza. Kati ya nyonga yangu na ya Hajati kulikuwa na nguo kumi na moja: tano zangu, na sita zake kwa mujibu wa binti yake. Je, mguso unaopita nguo kumi na moja ni mguso? Ukisema ndiyo, basi treni ya bluu inayotoka Rissne saa mbili asubuhi ikiwa imeshona watu imeshawafanya wakazi wote wa manispaa ya Sundbyberg wakiuke mwiko na wakwe zao, na mtetemeko wao ungesikika hadi Uppsala. Ukisema siyo, mbona nakunywa chai?

Na hata tukikubali kuwa palikuwa na mguso, haukufanywa nami wala na Hajati. Ulifanywa na chuma. Chuma kilituunganisha kwa sababu tulikwenda Tvillingberget. Tulikwenda Tvillingberget kwa sababu ya makala. Makala iliandikwa na Ndugu Anicet na kuidhinishwa na wewe. Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ukiufuata mnyororo wa sababu bila kuruka pingili hata moja, aliyemgusa Hajati ni wewe.

Sisemi hivyo kwa ubaya. Nasema kwa sababu ndivyo mantiki inavyotaka.

Kwa msingi huo nadai mambo manne. Kwanza, milima ipangwe upya: Lillklinten iwe ya kwanza kwa kuwa lifti ya kifungo haimkutanishi mtu na yeyote, Granhöjden ya pili, kwa kuwa katika viti sita mama mkwe anaweza kuketi wa kwanza na mkwe wa sita, na katikati yao wakawekwa Waswidi wanne, na Tvillingberget iondolewe kabisa hadi hapo lifti yake itakapokatwa katikati. Pili, jarida lichapishe kuwa wachumba ni watatu au zaidi. Tatu, ukurasa wa nne urudiwe, na chini ya picha paandikwe "Mkwe na mama mkwe, kwa bahati mbaya, katika baridi kali". Nne, Ndugu Anicet aje Rissne Jumapili moja ashike kikombe.

Niliwaandikia pia wenye mlima, kwa Kiswidi, nikipendekeza kijana wa lifti awe anawauliza wateja kama wana uhusiano wa ndoa kabla ya kuwaunganisha. Walinijibu kwa adabu kubwa kwamba mteja yeyote ana uhuru wa kupanda kwa miguu.

Nataka majibu ya hoja zangu zote sita, moja baada ya nyingine, hadharani, katika toleo la Aprili, kabla ya tarehe 18. Jibu la faragha nitalihesabu kuwa ni kukubali kushindwa.

Nisalimie mkeo Concessa na watoto, nao wakikujibu kwa Kiswidi uwaambie salamu hizo ni za Kiswahili. Msalimie mchapishaji, msambazaji, na akina mama wa kwaya wanaolikunja jarida kila mwezi. Msalimie hata Ndugu Anicet, lakini kwa sauti ya kawaida.

Wenu katika kutafuta ukweli na tarehe,

Muhammed Ssemakula
Shahada ya Uzamili (Falsafa)

Nyongeza, Jumapili 15 Machi:

Barua hii ilikuwa bado haijapata stempu Shangazi alipotangaza kuwa chai haitoshi na kwamba anataka kupaona mahali penyewe. Jana tulikwenda Tvillingberget sisi wanne: yeye, Hajati, Shamim na mimi. Shangazi, ambaye ana miaka sitini na moja na hajawahi kuvaa mguuni kitu kirefu kuliko kiatu chake, alikodi mbao, akaniamuru nisimame upande wa kushoto, akapanda lifti ya nanga pamoja nami ili afanye utafiti. Katika nguzo ya tatu meno yake yalianza kugongana. Katika nguzo ya kumi alikuwa anatetemeka kiasi kwamba chuma kizima kilikuwa kinalia. Tulipofika juu aliwatazama watu waliokuwa wakishuka kwenye lifti nyuma yetu, akaona nao wanatetemeka, wakubwa kwa watoto, na hata mfanyakazi wa kule juu, kisha akatoa hukumu:

"Hii si obuko. Hii ni Sweden."

Kwanjula imerudishwa tarehe ile ile, 18 Aprili, na mnakaribishwa nyote. Kwa kuwa lifti ya kifungo isingempa Shangazi mtu wa kutetemeka naye, nalazimika kukiri kwamba Lillklinten ingeniangamiza. Nafuta basi madai yote manne. Tvillingberget ibaki ya kwanza, na Ndugu Anicet asamehewe kikombe.

Limebaki jambo moja. Shangazi alishuka kwa makalio, akapanda tena, na tena, mara sita, na kwenye basi la kurudi yeye na Hajati walikuwa wameshaamua kwamba fungate yetu ya Desemba itafanyika huko huko, sote wanne, kwa sababu lifti inataka watu wawili wawili na wanne wanagawanyika vizuri. Shangazi atapanda na mimi. Hajati atapanda na Shamim.

Kwa hiyo jibu la hadharani bado nalidai, ila kwa swali jingine: katika nchi hii yote yenye milima na theluji, ni wapi ambapo watu wawili wanaweza kwenda wakiwa wawili? Chapisheni kwa herufi kubwa kwamba mahali kama hapo papo kweli. Jina la mlima wenyewe, tafadhali, nitumieni ndani ya bahasha.