Malalamiko Dhidi ya Kampuni Iliyoleta Trekta Penye Majembe

Ukunda, Machi 1999

Ndugu Mhariri,

Pokea heshima zangu kutoka chuo cha kompyuta chenye mashine moja, wanafunzi watatu na mkuu mmoja, ambaye ndiye mimi.

Nimesoma gazetini mwako kwamba kampuni kubwa ya ng'ambo imejiunga na watengenezaji wa Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta usio na mwenyewe: watu wa dunia nzima huuandika kwa kujitolea na kupeana bure. Kampuni inasema itaurahisisha, na diski za kwanza zimeshatoka. Nimeudhika, kwa sababu zifuatazo:

1. Kwetu Ukambani tuna mwethya: majirani huja na majembe, leo wakalima kwangu, kesho kwako. Tajiri akija na trekta, kazi itakwisha uji wa walimaji haujaiva. Sisi wenye majembe tutasifiwa kwa lipi?

2. Nami nimelima humo. Niliwaandikia watengenezaji kuripoti kosa kubwa la mfumo. Walinijibu kwa upole niangalie waya. Ulikuwa umechomoka. Hata hivyo, nilishiriki.

3. Ugumu wa Linux ndio chuo chenyewe. Niliacha kazi ya mapokezi hotelini Diani, mke wangu Kalondu akilia, kwa kuwa hakuna aliyeujua mfumo huu kutoka hapa hadi Msambweni. Mimi pia siujui, lakini siujui kwa kiwango cha juu. Skrini ikijaa maandishi, wanafunzi hunyamaza kwa heshima. Ukiwa rahisi, watanijua. Naogopa, Mhariri, sikufichi.

4. Mzee Chirau, mwanafunzi wangu mkubwa kwa umri, ameniuliza kwa adabu zote somo la kwanza litaanza lini. Nikamjibu kuwa haraka haraka haina baraka. Kampuni hii inataka kunifanya mwongo mbele ya mtu ninayempa shikamoo.

Kwa hiyo naiomba serikali iiamuru kampuni ijitoe, au angalau ibakishe ugumu kidogo upande huu wa Pwani.

Nisalimie wote hapo ofisini, hata huyo anayekata barua zangu.

Wako mwenye uchungu,
Musyoki Mutinda
Mkuu wa Chuo

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Kalondu ametia diski mpya aliyopewa na mtalii, ile iliyorahisishwa na kampuni. Mashine imewaka bila yale maandishi. Mzee Chirau anamwandikia barua bintiye aliye kijijini Jego, hataki kusimama hata kwa chai. Kampuni isijitoe, tafadhali. Mimi nimekaa benchi la nyuma, nimenyoosha mkono, na Kalondu anajifanya hajaniona.