Wasimamizi Watatu wa Wosia Wangu

Jumatatu, 7 Mei 1951
Mvua haiachi. Kikohozi nacho hakiachi. Nasambu, mke wangu, amesema niandike wosia, maana nikifa leo kaka yangu Wepukhulu atatoka Kimilili na mkokoteni kuchukua cherehani. Hata hajauliza kama kifua kinauma! Amesema pia nichague msimamizi, mtu mmoja mwaminifu wa kutekeleza nilichoandika. Nimewaza. Mtu akijua atasimamia mali yangu, si atanitunza? Fundi mwenye cherehani, baiskeli na gramafoni si mtu mdogo hapa mjini Sikstifoo.

Jumanne, 8 Mei
Nimemnong'oneza Kituyi wa buchari kwamba nimemchagua yeye. Iwe siri. Amenishika mkono kwa mikono miwili. Nimerudi na mifupa ya supu, bure! Nasambu ameuliza imetoka wapi. Nimesema kwa Mungu.

Jumatano, 9 Mei
Kwa nini mmoja tu? Nimemwambia Kipkorir, mwenye ng'ombe kule Kiplombe. Maziwa! Jioni nimemwambia jirani yetu Mama Priscah, muuza mboga. Kunde! Kikohozi kimepona. Nakohoa tu mmoja wao akipita.

Ijumaa, 11 Mei
Kituyi ameleta mguu wa mbuzi. Kisha akapima cherehani kwa kamba, aone kama itaingia dukani kwake. Kumbe anadhani msimamizi ndiye mrithi! Sikumsahihisha. Baadaye Kipkorir alikuja akaendesha baiskeli yangu hadi kanisani na kurudi. Amenionya breki ni mbovu, niitunze. Mama Priscah hakugusa kitu. Aliniuliza tu Nasambu ataishije nikiondoka. Swali gani hilo! Wale wawili waliuliza najisikiaje. Nimesema vibaya. Nyuso ziling'aa.

Jumapili, 13 Mei
Aibu! Baada ya ibada, kila mmoja alimwendea Mwalimu Kibet kwa siri kuuliza kazi ya msimamizi. Wakakutana mlangoni kwake. Wakaja wote kwangu, Mwalimu mbele.

Mwalimu akaeleza polepole, kama darasani. Msimamizi hapewi mali kwa sababu ya cheo hicho. Anakusanya vitu vya marehemu, analipa madeni kwanza, kisha anawapa walioandikwa na kutoa hesabu. Asiyetaka anaweza kukataa.

Kituyi akauliza kama marehemu ana madeni. Wote wakanitazama. Nilikuwa nakunywa maziwa.

Nasambu akajibu kwa niaba yangu. Kodi ya nyumba. Nyuzi za dukani. Suruali za watu nilizokata na sijashona. Kituyi akajiuzulu kabla Nasambu hajamaliza, akabeba mguu wake wa mbuzi. Kipkorir akamfuata, akisema ng'ombe wake wanamngoja.

Mama Priscah akabaki. Nikamwambia hata yeye anaweza kwenda.

“Nyamaza, Murunga,” akasema. “Mume wangu alikufa bila karatasi. Shemeji zangu walibeba hata sufuria yenye uji. Nitasimamia, lakini si kwa ajili yako. Cherehani ya huyu mama haitoki hapa.”

Nasambu akalia. Miaka yote hii sijamwona akilia hivyo. Nilitazama dirishani. Mvua bado.

Jumatatu, 14 Mei
Wosia umeandikwa. Kila kitu ni cha Nasambu, msimamizi ni Mama Priscah, na mashahidi wawili wametoka kanisani, watu wasiopata chochote. Nimetia sahihi. Nasambu amepika ugali na kunde, akanihudumia kwanza. Nimelala mapema.

Alhamisi, 17 Mei
Furaha kubwa! Nasambu ameniambia ana mimba. Nimecheka peke yangu njia nzima hadi sokoni. Mtoto atabatizwa, na atahitaji baba wa ubatizo, mtu wa heshima. Nimepita kwa Kipyego mfuga kuku, nikamwambia ni yeye. Amenipa mayai. Adhuhuri nikamwambia mwoka mikate kwamba ni yeye. Kesho naenda kwa muuza asali.