Milimita 355 na Jiwe Moja

Jumamosi, 7 Juni

Nimegonga geti. Humu daftarini hakuna wa kunibishia, kwa hiyo niandike ukweli: si mimi niliyegonga, ni breki.

Nilikuwa nateremka mlima, turbo inaimba. Nyuma yangu shemeji, kaka wa mke wangu, na kile kigari chake cha rangi ya fedha kinachotembea kama kinaomba radhi. Kona ya kwanza, breki safi. Ya tatu, safi. Ya tano, kanyagio laini kama godoro. Harufu ya kuungua. Ya saba sikukata kona, nilikata tamaa. Gari likaenda kutulia kwenye geti la mama mkwe, pale chini.

Geti hilo nililitengeneza mimi. Tena na dhamana ya maisha. Gari la tani moja na nusu, na geti limepinda sentimita nne tu! Hiyo ndiyo kazi. Hakuna aliyenipongeza.

Shemeji akashuka taratibu, akauliza eti shem, siku hizi hodi inabishwa hivyo? Mama mkwe akacheka. Mke wangu hakucheka, na hapo ndipo penye balaa.

Hukumu yake: ukaguzi wa mwaka ni Ijumaa ya tarehe 20. Gari likifaulu, linabaki. Likianguka, linakwenda kwa shemeji na kigari chake kinakuja kwetu, mkono kwa mkono, maana baba wa watoto watatu hana haja ya gari la milango miwili lisilosimama. Shemeji alikubali kabla sentensi haijaisha. Amelimezea mate tangu siku nilipolileta. Tukapeana mikono mbele ya mama mkwe, na mkono uliotolewa mbele ya mama mkwe haurudi mfukoni.

Nilianza na mashine ya kuchomelea ya kuazima. Leo nina karakana yangu. Gari hili ni kitu cha kwanza nilichojinunulia bila kumwomba mtu ruhusa. Halitoki! Dua la kuku halimpati mwewe.

Jumatatu, 9 Juni

Kwa fundi. Tunamwita Kelele kwa sababu mdomo wake haufungi hata akiwa chini ya gari. Nimeegesha pale penye mteremko, nikaweka jiwe langu nyuma ya tairi. Kila gari la maana lina jiwe lake. Langu linakaa kwenye buti, zuri, la pembe nne. Kelele akauliza kama jiwe nalo hufungwa mkanda.

Kisha akaanza. Eti mzee, anza na breki ya mkono, kebo imelegea kama kamba ya nguo. Halafu weka pedi zinazovumilia joto, mwaga mafuta ya breki ya zamani, tia mapya, funga diski mpya za saizi ileile. Basi, gari linasimama. Saizi ileile! Nimemwambia wenye mawazo ya saizi ileile huzikwa kwa saizi ileile. Dakika mbili za Kelele zinatosha. Baada ya hapo ni siasa, mpira na magoti yake.

Mimi ni mtu wa hesabu. Diski zangu za mbele ni milimita 294, kalipa, kile kibano cha pedi, ya pistoni moja. Nimeona za 355! Zina mitobo na mifereji, kalipa nyekundu ya pistoni sita. Zitaingia? Rimu yangu ni inchi 18, yaani milimita 457. Toa 355, inabaki 102. Gawa kwa mbili: 51 kila upande. Ngumi inapita. Nimeagiza.

Alhamisi, 12 Juni

Boksi limefika! Nimeiweka diski moja kwenye meza ya sebuleni tuitazame. Mke wangu akapanga ndizi juu yake.

Ndani mna kila kitu: diski, kalipa, pedi, mipira ya mafuta, boliti. Na karatasi kubwa iliyochorwa kama nusu sahani. Maelezo yake yanasema ikatwe, ibandikwe kwenye ubao mwembamba, ijaribiwe ndani ya rimu kabla ya kufungua boliti yoyote. Mimi, niliyelea watoto watatu kwa futikamba, nipimiwe na karatasi! Nimeitandika chini ya kopo la rangi. Nilikuwa napaka geti la mama mkwe, nililolileta nyumbani kulinyoosha. Kijani. Limependeza kuliko mwanzo, lakini nani atasema?

Jumamosi, 14 Juni

Tumefunga, mimi na Kelele, kwenye karakana yangu. Diski zimekaa, kalipa zimekaa, zinang'aa. Tumeinua tairi. Haliingii.

Si mduara. Mduara una nafasi yake, milimita 51 zangu zote zipo, hakuna aliyezigusa. Tatizo ni tumbo la kalipa. Limetokeza nje, linagonga mikono ya rimu. Hesabu yangu ilikuwa sahihi kabisa, ila ya mahali pengine.

Kelele alicheka hadi akajilaza sakafuni. Akauliza karatasi ya kupimia iko wapi. Nikasema haikuja. Akasema mzee, kwa umri huo! Halafu akaanza mambo ya mdharau mwiba, na breki ya mkono tena. Nikawasha grenda. Hakukuwa na cha kukata, lakini ilisaidia.

Nyumbani nimeibandua karatasi chini ya kopo. Nimeijaribu kwenye rimu. Imegoma palepale panapogoma kalipa. Kumbe ni sahihi! Kasoro yake ni kuchelewa.

Sikati tamaa. Chuma ni mkate wangu. Nimechonga spesa mbili za milimita 20 za kusukuma tairi nje. Kelele akashikilia tuweke boliti ndefu zaidi, nikamwachia ushindi huo mdogo. Tairi zimeingia! Zimetokeza pia. Mke wangu anasema gari limesimama kama bata aliyevimbiwa. Wivu.

Jumanne, 17 Juni

Pedi mpya lazima zizoeane na diski. Hapo hata Kelele na maelezo ya boksi wamekubaliana: toka mwendo wa 90, kanyaga kwa nguvu hadi 30, usisimame, ongeza tena. Mara kumi. Kisha tembea polepole zipoe, na usisimame kabisa zikiwa za moto.

Mama mkwe akaomba nimpeleke kwa daktari wa macho. Kazi mbili, safari moja! Akili hii hainunuliwi.

Mara ya kwanza akasema pole, baba. Ya tatu akauliza kama kulikuwa na mbuzi barabarani. Ya tano miwani yake ikaja kukaa mbele na mimi. Ya saba akaanza kuomba, akanitaja kwa majina yangu yote, na haikuwa kwa heri.

Tukafika hospitali, breki bado za moto. Maelezo ni maelezo. Nikapita. Nikageuza, nikapita tena. Mara ya tatu mama mkwe alikuwa amefungua dirisha anampungia mlinzi mikono miwili. Mlinzi naye akampungia. Watu wana adabu.

Jioni amemwambia mke wangu kwamba mguu wa mkwewe una kwikwi. Nimepima: zamani, kutoka 90 hadi kusimama, mita 44. Leo mita 36! Mita nane! Hilo ni basi zima. Nani mwingine kwenye ukoo huu amewahi kuokoa basi zima?

Alhamisi, 19 Juni

Shemeji amekuja "kusalimia". Nimemkuta ndani ya gari langu, amevuta kiti mbele, amening'iniza manukato yake kwenye kioo. Eti anazoea tu, shem, usinikasirikie. Akaona jiwe, akauliza la nini. Nikasema la urembo. Akasema basi hilo ataniachia mimi.

Kelele amepiga simu. Kabla hajafika kwenye breki ya mkono nikakata. Kesho gari linapimwa kwa mashine ya kisasa, si kwa mdomo wake.

Ijumaa, 20 Juni

Nitaandika kwa utulivu.

Mashine ya breki kwanza. Tairi za mbele zikawekwa kwenye magurudumu yake, nikakanyaga. Mshale ukaruka hadi mwisho! Mkaguzi akamwita mwenzake aje aone. Nikawaambia ni 355. Nikawaambia tena. Mke wangu alitabasamu. Nasema alitabasamu! Shemeji alikuwa amewahi kuja ashuhudie, ameegesha kigari chake chini ya njia ya mteremko apate kuona vizuri. Uso wake ulikuwa umemshuka kama tairi lenye pancha.

Kisha mkaguzi akanipeleka juu ya huo mteremko. Akasema niweke gia huru, nivute breki ya mkono, nitoe mguu, nishuke.

Nikamuuliza kama naruhusiwa kutumia jiwe.

Akauliza jiwe gani. Nikaonyesha buti. Akasema vuta breki.

Nikavuta. Mkono wa breki ukaja juu, ukaja juu, karibu niunong'oneze. Nikashuka. Gari likatulia. Halafu likaanza kuondoka, bila haraka, kama mjumbe aliyechoka na kikao. Nikalishika kwa bampa. Halikusikia. Shemeji alikuwa anapiga makofi hadi alipoona linakoelekea.

Boneti ya kigari na taa moja.

Mkaguzi akaandika. Nimeanguka. Si kwa diski, si kwa pedi, si kwa kalipa. Kwa kebo!

Shemeji akapiga kelele kwamba nitalipa. Hapo hesabu ikaniokoa. Nikauliza: mkono ulitolewa, haukutolewa? Gari limeanguka, halijaanguka? Basi tangu lilipoanza kuserereka lilikuwa lake, na kigari changu. Ni yeye aliyenigonga mimi! Mama mkwe, aliyekuja na mke wangu kama shahidi, akafikiri, akasema ndivyo, mkono ni mkono. Mara ya kwanza ananitetea. Sekunde mbili za furaha. Kisha nikaelewa nimeshinda nini.

Jumapili, 22 Juni

Nimekabidhi gari. Gari, nasema. Tulipeana mikono kwa gari, breki hazikutajwa. Jana nilikuwa na spana kutwa nzima: diski 294 zimerudi, 355 ziko ndani ya boksi, spesa mfukoni. Shemeji akalalamika huo ni wizi. Mama mkwe akasema zitolewe, tena zipelekwe mbali, hataki kukutana nazo tena.

Nililisindikiza kwa macho hadi kona. Vumbi liliniingia. Macho mawili kwa wakati mmoja.

Jumanne, 24 Juni

Shemeji amefaulu ukaguzi. Kelele amembadilishia kebo, pedi nzuri, mafuta mapya, diski za saizi ileile. Asubuhi moja! Amepita hapa akipiga honi, ameliacha jiwe langu mlangoni, limefungwa utepe mwekundu. Nimepokea. Jiwe ni jiwe.

Mke wangu ananiambia nitulie, kigari kinakunywa mafuta kidogo, watoto wanaenea. Nimetulia. Nimelala chini yake na futikamba, nimetulia kabisa. Diski zake ni 255. Aibu! Rimu ni inchi 15, yaani milimita 381. Toa 355, inabaki 26. Gawa kwa mbili: 13 kila upande. Nafasi ndogo, lakini nafasi. Tumbo la kalipa nalo? Ninazo spesa.

Ile karatasi yenye rangi ya kijani nimeikunja, nimeitandika chini ya jeki isikwaruze sakafu. Kila kitu kina kazi yake kwa mtu mwenye akili.

Breki ya mkono ya kigari nayo imelegea kidogo. Si kitu. Jiwe ninalo.