Kiti cha Enzi Zile

Jumatatu, 3 Agosti

Hili sijamwambia mtu, hata rafiki yangu wa dawati moja ambaye namsimulia mpaka ndoto. Kile kiti cha enzi cha kwenye makumbusho, ambacho watu hupanga foleni kupiga nacho picha, nimekifanya mimi kuwa cha enzi. Kwa kalamu.

Ilikuwa likizo ya mwaka jana. Shangazi ni mtunza stoo kwenye jumba la mfalme wa zamani, ambalo sasa ni makumbusho. Aliagizwa aandike kadi za vitu vyote vilivyokuwa vinatolewa stoo. Mwandiko wa shangazi unasikitisha. Wangu ni mzuri. Ndiyo mali yangu pekee, maana kuongea mbele za watu siwezi. Nyumbani wananiita Kobe. Basi nikaziandika mimi, kadi mia moja na kumi na mbili, kwenye meza ya jikoni. Akasaini yeye. Kwenye orodha kulikuwa na kiti cha zamani, mwenyewe hajulikani. Nikaandika: Kiti cha enzi. Nilitaka kumalizia na "zile". Kadi ikaisha! Nilianza na herufi kubwa mno. Nikajiambia ni neno moja tu, nani atajali.

Mwezi uliofuata akaja mama mhifadhi mpya. Akasoma kadi. Akaamini. Kiti kikapelekwa ukumbi mkubwa na kuzungushiwa kamba nyekundu.

Leo gazeti limeandika kwamba Jumamosi kinahamishiwa makumbusho makuu ya taifa, mwendo wa siku mbili. Bibi akaniomba nimwonyeshe picha. Akalisogeza gazeti karibu na pua, akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu akalikunja gazeti. Akasema kile ni kiti cha babu.

Babu yangu! Kinyozi.

Jumanne, 4 Agosti

Sikula vizuri. Nimemhoji bibi asubuhi nzima huku anakunja nguo.

Babu alikuwa na chumba kidogo nyuma ya jumba, karibu na chumba cha dobi. Aliwanyoa wapishi, walinzi na watunza bustani. Mfalme alikuwa na kinyozi wake mwingine, mtu wa majivuno, hakumsalimia babu hata siku moja. Kiti kilitengenezwa na seremala wa jumba kwa mabaki ya mbao za milango, ndiyo maana mikono yake imechongwa nyayo za simba. Bibi alikuwa msichana wa kufua nguo hapo kwa dobi. Kila asubuhi alimpelekea babu maji ya moto. Siku moja wateja walipokwisha, babu akamkalisha kwenye kiti na kukigeuza dirishani, aone mikomamanga imetoa maua. Bibi anasema hakuwahi kukaa mahali pa juu namna ile. Kila alipokuwa akikaa maishani, alikuwa anakaa chini.

Jumba lilipofungwa, kila mtu alitoka na alichoweza kubeba. Babu akatoka na mkasi, na mkanda wa kunolea wembe. Kiti kikabaki.

Mimi babu alininyoa kwenye kigoda cha jikoni, juu ya vitabu vitatu. Nikitikisika ananiambia nikae wima, niko jumba kubwa. Bado naukumbuka ule ubaridi wa mkasi nyuma ya sikio.

Bibi hataki kiti kirudishwe nyumbani. Hataki kuandikwa gazetini. Anataka kukikalia mara moja tu kabla hakijaondoka.

Kusema ukweli kwa mhifadhi? Haiwezekani. Kadi ina sahihi ya shangazi, na shangazi akifukuzwa kazi ni kwa sababu yangu. Lazima nitumie akili.

Mpango wa kwanza umefanyika mchana. Kuingia na kundi la watalii, kuongeza "zile" kwa siri, kutoka. Kadi ikisema ukweli, kamba itaondolewa, bibi atakaa. Rahisi.

Kundi linaongozwa na kijana ninayemwita Kipaza, kwa sababu ya sauti. Tulipita bustani, tukapita ukumbi wa picha za wafalme, wote wamenuna. Kwenye kiti Kipaza akaanza. Eti ile mikwaruzo ya mkono wa kulia ni hesabu ya vita alivyoshinda mfalme. (Bibi: hapo ndipo wembe ulikuwa unajaribiwa makali.) Eti ile kulabu ya pembeni ni ya kutundikia upanga. (Mkanda wa kunolea!) Watu wakashangaa mpaka wakavua kofia.

Nikainama na kalamu. Nikaandika z. Nguzo ya kamba ikaanguka mguuni kwa mama mmoja, kila mtu akanitazama mimi.

Sasa kadi inasema: Kiti cha enzi z.

Jumatano, 5 Agosti

Mpango wa pili: barua bila jina kwenye sanduku la maoni. Nimeiandika kwa lugha ya kigeni ya shuleni, kwa sababu kwa lugha hiyo sina haya. Ni kama natumia mdomo wa mtu mwingine. Nikafungua kamusi nikachagua maneno marefu ili nionekane profesa. Nikasema kiti hicho kinahitaji kutazamwa upya kwa unyenyekevu wa kitaaluma. Niliridhika sana.

Alhamisi, 6 Agosti

Shangazi amerudi kazini amechoka hoi. Anasema kuna profesa mkubwa kutoka ng'ambo ameandika barua kukisifu kiti. Mama mhifadhi amefurahi mpaka ameagiza kipigwe msasa na vanishi kabla ya safari. Shangazi amekisugua yeye mwenyewe saa nne nzima. Ameniomba nimkande mabega.

Nimemkanda.

Akaongeza kwamba Kipaza anawaeleza wageni kuwa ile z ni herufi ya jina la siri la mfalme.

Ijumaa, 7 Agosti

Mpango wa tatu, wa mwisho. Nimpeleke bibi. Mimi nimshike Kipaza kwa maswali kwenye ukumbi wa picha, bibi apenye, akae dakika moja, atoke.

Bibi alivaa gauni lake la kijani na kujipaka mafuta mikononi kama anakwenda harusini. Tulipofika langoni alisimama, akatafuta kwa macho mlango wa nyuma, wa watumishi. Nikamwambia siku hizi wote tunaingia mbele. Akasema haya, lakini akapangusa viatu mara mbili.

Nikamfuata Kipaza. Nilikuwa nimekariri maswali sita. Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Kipaza akaniuliza kama nataka choo.

Nyuma yangu, kwenye ukumbi mkubwa, nikasikia kulabu ya kamba ikifunguliwa, polepole, na mtu asiye na wasiwasi wowote.

Bibi alikuwa amekaa. Mikono juu ya nyayo za simba, miguu haigusi chini. Amefumba macho.

Kipaza alimkimbilia, akamwambia kwa adabu kwamba hapo ni pa mfalme.

"Mfalme hajakaa hapa hata siku moja, mjukuu wangu," bibi akasema. "Wamekaa wapishi. Na mmekigeuzia ukutani. Kilikuwa kinatazama dirisha."

Kipaza akataka ushahidi. Bibi akamwambia ainue mguu wa nyuma wa kushoto, ataona kifuniko cha kopo la dawa ya viatu. Kiti kilikuwa kinayumba, babu akakipigilia hapo, yeye akiwa amemshikia misumari.

Bibi akashuka. Wakakiinua. Kifuniko kilikuwepo, cheusi, kimebonyea, misumari minne.

Mama mhifadhi alikuwa ameshafika, miwani mkononi. Akachomoa kadi, akauliza nani aliandika. Shangazi alikuwa mlangoni na kitambaa cha vanishi. Akaanza kusema ni yeye. Nilimtazama bibi. Alikuwa anapapasa mbao kama anapangusa nywele za mtu begani.

"Ni mimi," nikasema. "Kadi iliisha."

Maneno manne. Sijawahi kusema mengi hivyo mbele ya watu.

Shangazi amekaripiwa robo saa kwa kunipa kazi yake. Hakufukuzwa. Nyumbani alinikaripia mimi saa moja na nusu.

Jumapili, 9 Agosti

Jana gari liliondoka na saa ya ukutani badala ya kiti. Kiti kimerudishwa chumba cha nyuma, dirishani. Mikomamanga ni ile ile, imezeeka. Bibi ameruhusiwa kukaa. Amekaa mpaka mlinzi akaja kufunga milango, naye akasubiri.

Mama mhifadhi ameniita. Nilidhani naadhibiwa. Akanipa kadi mpya na kalamu. Akasema mwandiko wangu ni mzuri, ila safari hii nisipunguze neno hata moja. Maneno tumeyapanga pamoja: Kiti cha kinyozi wa watumishi wa mfalme, enzi zile. Nikaapa.

Jumatatu, 10 Agosti

Nimejifunza. Kuanzia leo ni ukweli mtupu, herufi ndogo, neno kwa neno.

Nimeandika kadi asubuhi, meza ile ile ya jikoni. Nikafika "kinyozi wa". Nikamkumbuka babu na kile kigoda, na yule kinyozi mwingine ambaye hakumsalimia. Nikaendelea.

Kadi inasema: Kiti cha kinyozi wa mfalme, enzi zile.

Nafasi ilitosha. Imebaki kama vidole vitatu.

Bibi ameisoma kwa sauti mara mbili. Amejua. Babu mwenyewe kila alipoulizwa kama alimnyoa mfalme alikuwa anasema hapana, alinyoa wapishi. Bibi alitazama kadi muda mrefu, kisha akaipuliza wino ukauke, akaniambia niiweke juu ya kabati asiione mtu kabla haijafika makumbusho.

Kipaza ataifanyia kazi nzuri sana. Najua ataanza na ile mikwaruzo. Pengine nimsaidie kidogo. Kwa barua, bila jina. Profesa anaweza kuwa amekumbuka kitu kuhusu ndevu za

Kandambili za shangazi kwenye korido, moja anaiburuta kama kawaida. Anauliza kama kadi iko tayari. Namwambia wino bado. Naficha daftari hili chini ya