Fundi Viatu na Pua Yake ya Lavenda

Duniani kuna pua, halafu kuna pua ya fundi viatu! Si maneno yangu, ni yake mwenyewe. Tangu aanze kupanda lavenda, yale maua ya kunukia, mtu huyu hakushikika. Mteja alileta kiatu kitiwe soli, akaondoka na mhadhara.

"Lavenda si moja, bwana wee! Kuna ya majani membamba, tamu. Kuna yenye masikio kama ya sungura. Kuna ya majani yenye meno, hiyo inanukia kama dawa. Mimi nazitambua nimefumba macho!"

Sawa, lakini lavenda inataka jua, na jua la nyumba ile lilifika sehemu moja tu uani, penye kamba ya nguo ya mkewe. Vyungu vya lavenda vikaingia, kamba ikatoka. Nguo zikawa zinaanikwa jikoni. Mke alivumilia mpaka blauzi yake ya kazini ikanuka vitunguu mbele ya bosi. Lo! Aibu iliyoje!

"Haya, mwenye pua," akasema. "Tukufunge kitambaa machoni. Utaje chochote tutakachokuletea. Ukipata vyote, uani ni kwako. Ukikosa hata kimoja, kamba yangu inarudi."

Fundi akacheka kwa dharau, ila hofu alikuwa nayo. Alizipenda kweli lavenda zake. Asubuhi alizisalimia kabla ya mkewe!

Shemeji yake, mdogo wa mke, akawa mwamuzi. Akapitisha tawi la kwanza.

"Majani membamba!"

"Umepata, shemeji."

La pili. Fundi akanusa, akasita, akanusa tena. "Ya... masikio ya sungura!"

"Umepata!"

Ehe! Kichwa kikavimba. Shemeji akamkonyeza dada yake, akainama chini ya kiti, akaja na cha tatu.

Fundi akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa. Uso ukalegea kwa raha.

"Aaah! Ya majani yenye meno, tena imekomaa! Nzito, inaniliwaza kama niko kazini. Jamani, hii lazima tuitunzie mbegu!"

Wakaangua kicheko. Fundi akavua kitambaa. Shemeji alikuwa ameziba pua kwa mkono mmoja, na kwa ncha za vidole vya mkono wa pili ameshika soksi ya fundi, ya jana.

"Mbegu hii hatuipandi, mume wangu, tunaifua," mkewe akasema. "Haya, hamisha vyungu niianike."