Malalamiko Kuhusu Neno "Kali" na Picha ya Paka Wangu Diwani

Maige Makoye,
Nyumba ya nyuma ya ghala la zamani la pamba,
Mukendo, Musoma.
Alhamisi, baada ya chai.

Kwa Ndugu Fredi,
Mwenyekiti wa Mtaa wetu.

YAH: KUPINGA SHARTI LA PICHA KALI KATIKA SHAURI LA PAKA MWEUSI

Ndugu Mwenyekiti,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzima wa afya, isipokuwa mguu wa kushoto, na huo nitaueleza kwenye lalamiko la kwanza kwa sababu chanzo chake ni ofisi yako.

Nikukumbushe kidogo, maana najua una mashauri mengi. Jumatatu ya wiki iliyopita ulitukalisha benchi moja, mimi na jirani yangu wa upande wa ziwani, Mwalimu Ursula, mstaafu, ili uamue paka mweusi ni wa nani. Mimi nilieleza kwamba anaitwa Diwani, ni wangu, na jina hilo nilimpa kwa sababu nyumbani anaonekanaga pale tu anapokuwa na shida. Mwalimu akasema anaitwa Pendo, ni wake, na analala kwenye kiti chake kila siku ya Mungu. Wewe ukaamua, na katibu akaandika: kila mdai alete picha moja, kali, yenye mwanga wa kutosha, paka akiwa ametulia nyumbani kwa mdai, masikio yote mawili yaonekane. Mwisho ni kesho Ijumaa, saa kumi jioni. Atakayeshindwa, paka si wake.

Nilitoka pale nikicheka peke yangu. Kwenye mambo ya kamera mimi si mgeni. Mwaka 2004 kule Bunda nilishika taa ya mpiga picha wa harusi kuanzia kanisani mpaka ukumbini, na bwana harusi mwenyewe alikiri kwamba hajawahi kupendeza vile, na kweli hakupendeza tena. Shule niliishia darasa la sita, lakini ni kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa maswali. Kwa hiyo anayelalamika hapa ni mtu mwenye ujuzi, na malalamiko ni haya.

1. Neno "kali" lilitumika vibaya. Diwani ni mpole kuliko wajumbe wako wote. Ameshawahi kumpisha panya mlangoni, nimeona kwa macho yangu. Lakini nikasema, kama serikali inataka ukali, ukali utapatikana. Siku ya kwanza nikamnyima dagaa. Akaenda kula kwa Mwalimu. Siku ya pili nikamwekea kioo aone paka mwingine. Akajipenda. Nikavaa helmeti ya bodaboda, nikatembea kwa magoti, nikabweka. Enoka, ambaye ukuta wake umegusana na dirisha langu, akapaza sauti kutoka kwake, "Mzee Maige, umenunua mbwa?" Nikamjibu hiyo ni kazi ya serikali ya mtaa, asiingilie.

Hapo ndipo Diwani alipokasirika. Mimi nabonyeza simu, yeye tayari yuko kwenye goti langu na kucha zote nje. Picha uliiona mwenyewe Jumatano ile: ukuta, kipande cha mkia, na kitu kama moshi wa gari bovu. Ukasema, "Mzee wangu, hii haiko kali." Nikapandisha suruali nikakuonyesha mguu. Kama ule si ukali, basi sijui unauzwa duka gani. Ukacheka mpaka ukavua miwani, ndipo ukaniambia ukali ni wa picha, siyo wa paka. Kwamba ionekane wazi, unywele mmoja mmoja. Sasa Ndugu Mwenyekiti, maneno hayo Jumatatu yalikuwa wapi?

2. Masharti ya picha yanamdhalilisha mtu mzima. Baada ya kuelimishwa na ofisi yako nilimpigia mpwa wangu Esther, yuko Kibara, anauza na kutengeneza simu. Ni mtoto wa dada yangu lakini kwenye simu anaongea kama mkuu wa wilaya. Akaniambia, "Mjomba, kwanza futa kioo cha kamera. Wewe una mafuta ya samaki mpaka kwenye masikio." Nikafuta kwa kitambaa laini. Kumbe ule ukungu ambao mwaka mzima nilikuwa nausingizia ziwa, ulikuwa wa sato.

Akaendelea: flashi usiwashe. Usimvute karibu kwa vidole, sogea mwenyewe. Gusa jicho lake kwenye skrini ili kamera ijue iangalie wapi. Shika simu kwa mikono miwili, viwiko viegemee kitu. Halafu lala chini, macho yako yawe usawa wa macho yake.

Nilale chini. Mimi, niliyesimama uso kwa uso na kiboko pale Bukima mwaka 1998, kiboko akaangalia pembeni kwa aibu. Nikalala kifudifudi kwenye sakafu ya saruji, tumbo limenizuia kufika chini vizuri, nayumba kama mtumbwi. Enoka akaja kuomba chumvi akanikuta vile, sijibu kwa sababu nimebana pumzi simu isitikisike. Dakika tano baadaye uwani kwangu walikuwa wamefika kinamama wa jumuiya na wameshaanza wimbo wa pili. Diwani alikimbia kwenye ubeti wa kwanza.

3. Mwanga katika mtaa huu haugawanywi kwa haki. Diwani ni mweusi kuanzia puani mpaka anakoishia. Chumba changu kina dirisha moja, na dirisha hilo linaangalia ukuta wa Enoka, ambao ameupaka rangi ya udongo kwa makusudi. Pazia sina, niweke pazia la nini wakati ukuta wa mtu unatosha? Picha nilizopiga humo zinaonyesha giza limekaa juu ya giza lingine. Nilisafiri mpaka Bunda kuzisafisha, maana hapa Musoma sikutaka ushahidi wangu uvuje kabla ya siku ya shauri. Tabitha, mwenye duka la picha kule, aliigeuza ya kwanza mara tatu, akaniuliza kwa heshima zote, "Baba, hii sufuria umeipigia picha ya nini?"

Nikajaribu flashi, bila kumwambia Esther. Macho ya Diwani yakatoka kama taa za lori linaloshuka mlima. Masikio hayapo, mwili haupo, ni lori tupu. Nikamtoa nje saa saba mchana jua la utosi, akafumba macho, kivuli kikamla nusu ya uso. Wakati huohuo Mwalimu Ursula ana madirisha mawili makubwa yanayoangalia ziwani, na kuanzia saa kumi jua linapita kwenye pazia lake jeupe lenye maua ya bluu, linachujwa kama chai, linatua kwenye kile kiti taratibu. Hilo halikuwa kosa lake, lakini mashindano ya haki hayawezi kuwa hivyo.

4. Namba hii nimeiacha wazi kwa ajili ya yatakayotokea kesho.

5. Paka mwenyewe haheshimu wito wa ofisi yako. Simu ikiwa mfukoni, anakaa kama bibi harusi: kifua mbele, mkia umezunguka miguu, masikio yote mawili kama ulivyoagiza. Nikitoa simu tu, anakuja kuinusa. Hivi ninavyoandika nina picha arobaini na sita za pua. Pua zimetoka kali sana, sibishi. Kama ungetaka pua, shauri lingekwisha wiki iliyopita.

Kutokana na hayo, naomba ofisi yako itekeleze yafuatayo kabla ya kesho saa kumi:

(a) Neno "kali" lifutwe kwenye kumbukumbu za kikao, na mguu wangu uandikwe kama kielelezo.

(b) Enoka apake ukuta wake chokaa nyeupe ili unirudishie mwanga dirishani. Esther anasema kitu cheupe kinarudisha mwanga kama kioo. Enoka akikataa, ukuta ubomolewe. Akikataa tena, abomolewe yeye.

(c) Jua la saa kumi ligawanywe: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa liwake kwangu, siku nyingine kwa Mwalimu. Jumapili lipumzike.

(d) Mwalimu apigwe marufuku kukaanga wale samaki wadogo, furu, kuanzia saa tisa na nusu, maana harufu hiyo ni rushwa kwa shahidi.

(e) Ikishindikana yote, shauri lihamishiwe Butiama, ambako hakuna anayemjua paka huyu na hivyo hakutakuwa na upendeleo. Kule nina wajomba saba, wote ni watu wa haki na wote wameshakubaliana na mimi.

Ndugu Mwenyekiti, utajiuliza kwa nini mtu mzima anagombania paka mpaka anabweka. Nitakwambia mara moja tu, na usimsomee katibu. Tangu mke wangu Yuliana afariki, huu ni mwaka wa tatu, ile hadithi ya kiboko wa Bukima hakuna anayeisikiliza mpaka mwisho. Enoka huniachia kiboko akiwa bado majini. Esther anasema salio limeisha. Diwani peke yake ndiye anakaa, anakunja miguu, ananiangalia mpaka kiboko ageuke aondoke. Ukimtoa huyo, nitabaki naisimulia kwa ukuta wa Enoka, na ule ukuta umeshaonyesha tabia yake.

Nina imani utalishughulikia kwa uzito wake. Nisalimie mama watoto, katibu, wajumbe wote hata yule aliyecheka kwa sauti, na mbuzi wenu aliyekula tangazo la kikao. Huku kwetu wote hawajambo. Enoka naye hajambo ingawa sikupanga kumsalimia.

Wako katika ujenzi wa mtaa na ulezi wa paka,

Maige Makoye (mshika taa, Bunda, 2004)

N.B. Picha nimeambatanisha. Nilikuwa nimeshaifunga barua, nikafungua tena, ndiyo maana bahasha ina gundi ya ugali. Utakubali mwenyewe kwamba ni kali: sharubu zinahesabika, masikio yote mawili yapo, weusi umeachana vizuri unywele kwa unywele, jicho linang'aa. Ila nakuomba usiikuze sana kwenye jicho la kushoto. Mimi niliikuza. Ndani ya jicho lile kuna mtu amelala kifudifudi na simu, na nyuma yake kuna pazia jeupe lenye maua ya bluu, na pembeni ya pazia kuna mama amesimama ameshika furu juu ya kichwa cha yule mtu ili paka aangalie kamera. Mimi pazia sina, nilishaandika hapo juu na siwezi kulifuta kwa sababu ni kalamu ya wino.

Nilienda kwake leo hii saa kumi, kwa ajili ya mwanga tu. Mwalimu akanitandikia kanga nisilale kwenye saruji. Wakati tunasubiri paka atulie nikamsimulia ya kiboko. Akaisikiliza yote. Ilipoisha akauliza, "Na yule kiboko, baadaye uliwahi kumwona tena?" Tangu 1998 hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo swali. Nimeahidi kumjibu kwa kirefu.

Barua hii pia ameisahihisha yeye. Makosa ameondoa mengi, lakini kwenye kipengele (d) hakugusa kitu, ameandika tu pembeni kwa kalamu nyekundu: "Ni kweli." Paka tumemwita Diwani Pendo, anaitika kokote.

Kwa hiyo Ndugu Mwenyekiti, kesho Ijumaa saa kumi usitusubiri ofisini. Saa kumi ndiyo mwanga unakuwa mzuri.