Wanachama Wangu Mia Nne na Kumi na Wawili

Jumatatu, 3 Machi
Kosa la watu wengi wanaoendesha orodha ya barua pepe ni haraka. Barua ikirudi, wanamfuta mwenzao. Mimi sifuti. Ndiyo maana chama chetu cha walimu wastaafu kina wanachama 412 orodhani, nami ni katibu mwaka wa tisa. Uchaguzi ni Jumamosi. Leo nimetuma mwaliko. Zimerudi barua 315! Ajabu.

Jumanne, 4 Machi
Zote zimerudishwa na mtu mmoja, Msimamizi wa Posta. Anadai anwani hizo hazipo. Nimemjibu kwa upole, kurasa mbili, nikimfafanulia tofauti ya kutokuwepo na kutopatikana. Kajibu papo hapo, maneno yale yale ya jana. Mtu mwenye msimamo! Nimemwingiza orodhani. Kura hiyo.
Bwana Ramani, aliyefundisha jiografia na sasa anautaka ukatibu wangu, kapiga simu. Eti mwalimu mwenzangu, watu wako wengi ni hewa. Wivu tu.

Jumatano, 5 Machi
Binti yangu kaja. Baba, kasema, huyo msimamizi si mtu, ni kompyuta inayojibu yenyewe. Kaniomba nifute anwani zilizokufa, na barua zinazorudi zipokelewe kwenye kikasha cha peke yake. Nimemsikiliza kwa utulivu. Alipoondoka nikaboresha: kila inayorudi iende kwa wanachama wote, wasaidiane kuwatafuta wenzao. Uwazi!

Alhamisi, 6 Machi
Sielewi. Barua iliyorudi inakwenda kwa wote, kisha inarudi mara 315, nazo zinakwenda kwa wote. Mwalimu wa hesabu kaandika kwamba ameacha kuzihesabu. Mwingine kaniita babu wa fujo. Wengi wameniripoti. Mchana kampuni ya barua pepe imenifungia anwani: natuma barua taka. Mimi! Mke wangu kauliza kama sasa naweza kuja kula.

Jumamosi, 8 Machi
Tulihudhuria saba. Kwa wengine, walioniripoti, mwaliko nao ulitumbukia kwenye barua taka. Bwana Ramani kura sita, mimi moja. Miaka tisa, kwisha! Kachukua orodha, kafuta 315 mbele ya macho yangu, na Msimamizi wa Posta juu yake. Katuma salamu kwa 97 waliobaki. Simu zote ukumbini zikalia. Haikurudi hata moja. Bahati ya mgeni.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari, nimeliona kosa. Niliwachanganya watu 97 wenye kelele na watu 315 watulivu. Nimeanzisha chama kipya cha hao waliofutwa, mwenyekiti mimi, katibu mimi. Nimewaandikia kwa anwani ya mke wangu, kuuliza kama yupo anayenipinga. Majibu 315 ndani ya dakika moja, na hakuna hata mmoja aliyepinga!
La kufanya leo, kabla mke wangu hajarudi kutoka sokoni: kuwatumia wote tena.